Ripoti ya Safari, Sehemu ya Chakula

Mwenyekiti wa ushirika anataka kurasa mbili, zenye muhuri,
kabla ya Ijumaa. Udongo, kaandika. Miche. Mitambo ya kumenya kahawa.
Chakula: mstari mmoja.
Nimekaa jikoni hapa Tukuyu, mvua siku ya tatu sasa
inagonga bati kama mtu anayedai deni,
na mstari huo mmoja umenishinda.

Niandike nini?
Kwamba tulishuka Gwatemala usiku, miguu imevimba,
na watu wa forodha wakafungua begi la Asegelile:
kilo mbili za sembe, nyeupe, laini, imefungwa kwa nailoni.
Wakaleta mbwa.
Mbwa akanusa, akapiga chafya, akaketi.
Asegelile, mtu mzima, mzee wa kanisa,
akachomoa mwiko, akawaonyesha: maji, moto, songa, songa,
jasho likimtoka kana kwamba sufuria ipo,
hadi mmoja akacheka na kutugongea pasi.

Asubuhi ndipo nilipouona mlima.
Rungwe wetu umelala, tunapanda migomba mgongoni mwake,
wala haujigeuzi. Wa kwao unavuta sigara.
Kila robo saa unapuliza moshi,
na watu wanaendelea kuanika nguo.
Nilishika kikombe kwa mikono miwili.
Hakuna mwingine aliyeinua kichwa.

Maharage meusi tii, yamepondwa, yamekaangwa tena.
Ndizi (nilitaka kulia nilipoziona, ndizi!)
ila za kwao mbivu, zinaelea kwenye mafuta,
zinamwagiwa maziwa mazito kama za mtoto aliyedekezwa.
Parachichi wanalitia chumvi na ndimu, wanalila kwa heshima.
Sisi tuliwatupia nguruwe
mpaka wanunuzi walipokuja na mizani.
Hilo la nguruwe sikumwambia mtu.

Bi Eulalia, aliyetupokea kwake,
anachemsha mahindi na chokaa, anayalaza, anayaosha, anayasaga,
halafu viganja: pa, pa, pa,
mkate mwembamba kama sikio, kwenye kikaango bila tone la mafuta.
Nilihesabu thelathini na mbili, nikapotea.
Jioni Asegelile akaomba moto, akasonga ugali wake.
Bi Eulalia akamega, akatafuna, akatazama dari,
akaita dada zake watatu waje waone
mahindi yaliyokwenda mbali
yakarudi yakiwa yamesahau chumvi.

Nikaomba kahawa.
Akaniletea ya kopo, ile ya unga wa kukoroga.
Nyuma ya nyumba mibuni yake imeinama kwa matunda,
yote yana jina la mteja wa nje.
Tukatazamana.
Nikasema kwa Kiswahili, maana Kihispania changu kilikuwa kimeisha:
Hata sisi.
Akaongeza sukari, kijiko kimoja, kingine,
akanisogezea kikombe bila kusema neno.

Jana nimejaribu hapa nyumbani.
Mama kasimama mlangoni, kanga kichwani:
Mahindi na chokaa? Unapika au unapaka ukuta?
Pa, pa. Wangu umetoka mnene, umechanika
kama ramani ya nchi inayogombaniwa.
Mama akaufunga na maharage, akala amesimama.
Unakosa mboga, akasema,
akachukua wa pili.

Sasa karatasi iko mbele yangu, kona imelowa chai.
Chakula: nimeandika mahindi, nimekata.
Nimeandika kizuri, nimekata.
Simu inaita. Ni Asegelile:
mwiko wake, ule wa mpingo, umebaki kule,
juu ya jiko la Bi Eulalia.
Anauliza auandike kwenye mali iliyopotea
au iliyokabidhiwa.
Nimemwambia asubiri. Mvua hii haisikilizani na simu.
Na mimi bado niko kwenye chakula.